Toa indiketa uione bei: chati yangu ilivyonichelewesha na namna nilivyoisafisha

Fundi Chati (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Uzi huu nimekuwa nikiuahirisha tangu mwaka jana. Kilichonisukuma ni kijana mmoja wa Sinza aliyenikalisha kibarazani juzi jioni, akanipa simu yake, akaniuliza kwa nini kila akiingia soko linageuka. Nikafungua chati yake ya dhahabu. Chini kulikuwa na vyumba vitatu vya indiketa, yaani mahesabu yanayochorwa kutokana na bei, vimepangana: RSI, MACD na stokastiki. Juu, kwenye bei, indiketa nyingine: mistari minne ya wastani wa bei, mikanda ya Bollinger na nukta za Parabolic SAR. Mishumaa yenyewe (kila mmoja unaonyesha bei ya kufungua, ya juu, ya chini na ya kufungia kwa kipindi kimoja) ilikuwa imebanwa kwenye nafasi ya vidole viwili. Nikamwambia, nionyeshe bei ya juu kabisa ya jana. Akakuza, akasogeza, akarudisha, akakuza tena. Hakuiona, na yeye ndiye aliyekuwa anataka kununua palepale chini yake.

Nilinyamaza kwanza, kwa sababu hiyo ilikuwa chati yangu miaka miwili iliyopita, karibu mstari kwa mstari.

Nieleze moja yaliyonikuta. Mwishoni mwa 2024, jioni, saa kumi na moja na nusu, soko la hisa la New York limefungua. Dhahabu iko dola 2,640 kwa wakia, imegusa sehemu ambayo ilikuwa imeisimamisha mara mbili wiki ile na sasa inanyanyuka. Nimeiona kwa macho yangu. Lakini kanuni yangu ilisema nisiingie mpaka zote zikubaliane. RSI ikavuka 50, nikasubiri MACD. MACD ikakata, nikasubiri wastani wa mishumaa 20 uvuke ule wa mishumaa 50. Wa mwisho ulipokubali bei ilikuwa 2,652. Nikanunua loti 0.02 (wakia mbili), stopu, yaani bei ya kunitoa nikikosea, nikaiweka 2,646. Dhahabu ikapumzika kama inavyopumzika siku zote baada ya kupanda hivyo, ikashuka hadi 2,645, ikanichukua, halafu ikaendelea na safari yake. Dola 12 zimeondoka kwenye akaunti ya dola 150, asilimia 8 kwa oda moja. Na mwelekeo nilikuwa nimeupata sawasawa, hilo ndilo lililoniuma.

Usiku ule nilikaa na daftari nikajiuliza hizi indiketa zinahesabu nini hasa. Sikuwahi kujiuliza. Nilizipata kwenye video na kwenye magrupu, nikaziweka kwa sababu kila aliyeonekana anajua alikuwa nazo.

Majibu niliyopata yalibadilisha chati yangu yote.

RSI inachukua bei za kufungia za mishumaa 14, inalinganisha zilizopanda na zilizoshuka. MACD ni wastani wa 12 ukitolewa wastani wa 26, basi. Stokastiki inaangalia bei ya kufungia iko wapi kati ya juu na chini ya kipindi fulani. Zote malighafi yake ni moja: bei iliyokwisha kupita, na bei hiyohiyo uko nayo tayari mbele yako kwenye mishumaa. Hakuna hata moja inayoleta habari kutoka nje.

Chukulia duka limevunjwa usiku Kariakoo. Aliyeona ni mlinzi mmoja. Asubuhi unakuta watu watano wanakusimulia, kila mmoja kwa namna yake, na wote wamesikia kwa mlinzi. Ukiwahesabu mashahidi watano umepotea. Mlinzi akiwa amekosea, wote watano wamekosea kwa pamoja. Mimi nilikuwa naweka hela kwa hesabu hiyo: tano zimekubaliana, basi uhakika ni mara tano.

Hesabu hii mnaweza kuifanya wenyewe kwenye karatasi. Tuseme kwenye mishumaa 14 ya mwisho juu kabisa ni 2,660, chini kabisa ni 2,620, na bei imefungia 2,650. Stokastiki isiyolainishwa: toa 2,620 kwenye 2,650 unapata 30, gawa kwa 40, ni asilimia 75. Sasa Williams %R kwa kipindi hichohicho: kutoka juu mpaka bei ni 10, gawa kwa 40, inaandikwa hasi 25. Tofauti yake na ile ya kwanza ni 100 kamili. Itakuwa 100 kamili kesho, keshokutwa na siku zote. Ni mstari mmoja umesogezwa. Na kuna watu wanaziweka zote mbili, moja ithibitishe nyingine.

Hivyohivyo kwa anayechora wastani wa kielelezo (EMA, unaozipa uzito zaidi bei za karibuni) wa 12 na wa 26 halafu chini akaweka MACD ya kawaida. Mistari ile miwili ikikatana juu, MACD inavuka sifuri mshumaa huohuo, kwa sababu ndiyo tofauti yao. Na mstari wa katikati wa Bollinger ni wastani wa kawaida wa 20. Ukichora na wa kwako wa 20, umechora mara mbili.

Nitaendelea na jinsi nilivyosafisha. Naomba kwanza nisikie wadau.

Kijana Tandika

Mkuu umeniandika mimi kabisa. Ninazo saba. Ila swali langu ni la kweli: nikizitoa, nitajuaje muda wa kuingia? Bila ishara mimi naogopa hata kubonyeza.

Mzee wa Upanga

Nimesoma kwa makini, mleta uzi umesema kweli tupu kuhusu kurudufu. Naomba kuongeza historia kidogo, maana itawasaidia vijana kuelewa vitu hivi vilikotoka.

RSI, ATR (kipimo cha umbali bei inaotembea), ADX (kipimo cha nguvu ya mwelekeo) na hizo nukta za Parabolic SAR zote zimetoka kwa mtu mmoja, J. Welles Wilder, Mmarekani, na alizitoa katika kitabu kimoja mwaka 1978. Alikuwa mhandisi wa mitambo. Zama zile hesabu ilipigwa kwa kikokotoo cha mkononi na chati ilichorwa kwa kalamu, kwa bei za siku. MACD ya Gerald Appel nayo ni ya miaka hiyohiyo ya 1970 mwishoni. Mikanda ya John Bollinger ikaja miaka ya 1980. Kila mmoja alikuwa na swali lake analotaka kulijibu, na kuongeza indiketa moja kulimgharimu jioni nzima ya kazi. Leo unaongeza kwa kugusa kidole. Ndiyo maana zimejaa.

Mimi hata hivyo ninatumia Ichimoku na sitaiacha. Mistari mitano na wingu. Aliibuni mwandishi wa habari wa Japani, Goichi Hosoda, akaichapisha mwishoni mwa miaka ya 1960. Mtu akiiona atasema chati yangu imejaa. Lakini ni mfumo mmoja uliokusudiwa kusomwa pamoja, nami siongezi kitu kingine juu yake. Hata RSI siweki.

Fundi Chati (mleta uzi)

Mzee wangu, shikamoo na ahsante sana. Kwa Ichimoku nakubaliana nawe, kwa sababu unajua kila mstari unatoka wapi. Ugomvi wangu ni na mtu aliyeweka wingu, akaweka Bollinger juu ya wingu, na ukimuuliza wingu linahesabiwaje hana jibu.

Kijana Tandika, hofu yako naielewa, nilikuwa nayo. Nikuulize na mimi: ishara uliyokuwa unasubiri ilikupa uhakika au ilikupa ruhusa? Mimi ilikuwa ruhusa. Nilitaka kitu kiamue badala yangu, ili nikipoteza nikilaumu. Muda wa kuingia unatoka kwenye bei ikifika mahali ulipopanga kabla, na hapo unajua umekosea wapi na utapoteza kiasi gani. Hayo mawili hakuna indiketa kati ya zile saba iliyokuwa inakuambia.

Sasa namna nilivyosafisha. Sikuzitoa zote siku moja, ingawa nilitamani.

Nilichukua daftari nikarudi kwenye oda zangu 40 za nyuma. Kila oda nilikuwa na picha ya chati. Nikaongeza safu moja: nini hasa kilinifanya niingie? Na ya pili: kama indiketa fulani isingekuwepo, ningefanya tofauti? Nilikaa Jumamosi nzima, umeme ukakatika saa nane, nikaendelea kwa mwanga wa dirishani. Stokastiki haikuwa imebadilisha uamuzi hata mmoja. Hata mmoja, wakuu. Ilikuwa inaenda na RSI kila mahali. Parabolic SAR ilikuwa imenitoa mapema kwenye oda nzuri mara kadhaa, soko likiwa linatambaa tu kulia na kushoto, nukta zinaruka juu, chini, juu. Bollinger nilikuwa naitazama tu sababu ipo. Na nilipoingia vizuri, kilichoniingiza kilikuwa kilekile: eneo ambalo bei iliwahi kugeuka, na mwelekeo wa chati kubwa.

Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee wetu walishasema. Kwangu mimi hata sababu za kuingia zilikuwa zimepotea bila habari.

Wiki ya kwanza nikatoa stokastiki. Ya pili SAR. Ya tatu MACD, na hapo ndipo nilipopata taabu, kila saa mkono unataka kuirudisha. Baada ya mwezi na nusu nimebaki na hivi: mistari ya kulala ninayochora mwenyewe ya juu na chini ya jana na ya wiki iliyopita, wastani mmoja wa 50 kwenye chati ya saa nne (kila mshumaa ni muda wa saa nne), na ATR kwenye chati ya saa moja. Kwisha.

Mama Tegeta

Kaka mleta uzi, mimi ni mama wa biashara ndogo, nafanya hii usiku watoto wakilala, na ninatumia simu tu. Naomba unieleze kwa nini umeacha ATR na si RSI. Wengi wanasema RSI ndiyo ya lazima.

Fundi Chati (mleta uzi)

Dada, swali zuri sana na nilitamani liulizwe.

Kila nilichobakiza nilikilazimisha kijibu swali ambalo kingine hakijibu. Mistari ya kulala inanijibu niko wapi. Wastani wa 50 unanijibu soko kubwa linaelekea wapi. ATR inanijibu kitu ambacho macho yangu ni dhaifu kukipima: mshumaa wa kawaida siku hizi unatembea umbali gani. Haisemi inapanda wala inashuka. Tuseme kwenye chati ya saa moja ATR ya dhahabu inasoma 6. Maana yake kwa saa moja dhahabu inatembea kama dola 6 bila sababu kubwa yoyote. Mimi nikiweka stopu dola 2 kutoka nilipoingia, nimeiweka ndani ya kupumua kwake. Itanichukua hata kama nimepatia. Rudi kwenye oda yangu ya 2,652 niliyoeleza juu, stopu ilikuwa dola 6. Ningekuwa na ATR mbele yangu ningeona kwamba hiyo ni hatua ya kawaida tu ya muda wa saa moja kwa jioni ile, na ningepunguza loti nikaweka stopu mbali, au nisingeingia kabisa.

RSI si mbaya. Anayeitumia kuona kasi inapungua huku bei inapanda, aendelee nayo. Tatizo ni ile mipaka ya 70 (eti bei imepanda mno) na 30 (eti imeshuka mno). Watu wanauza kwa sababu imefika 70. Kwenye mwelekeo wenye nguvu inaweza kukaa juu ya 70 siku na siku, na wewe unauza kila asubuhi.

Kwa simu, dada, sababu ni kubwa zaidi. Kila chumba unachofungua chini kinakata urefu wa bei. Mishumaa inabanwa, mkia mrefu (ule mstari mwembamba unaotoka kwenye mwili wa mshumaa) unaonekana mfupi, na mkia ndio unaokuambia bei ilikataliwa wapi. Ukibaki na ATR, ifungue uisome, uandike namba pembeni, uifunge. Haihitaji kukaa hapo masaa yote.

Mhasibu Ilala

Naomba niwe mkali kidogo kwa nia njema. Mleta uzi amesema vizuri, lakini nisingependa mtu atoke hapa akidhani chati safi inaleta faida. Mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, mwaka 2018 ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wa kawaida kwenye CFD (mikataba ya kubashiri bei bila kumiliki mali yenyewe) zinapoteza pesa. Humo ndani wamo wenye indiketa tisa na wamo wasio na hata moja. Oda 40 ni chache mno kuthibitisha njia inalipa. Zinatosha kuonyesha kipi hukitumii, hapo nakubali. Hazitoshi kuonyesha kwamba ulichobakiza kinafanya kazi.

Pia hesabu ya kuchelewa watu hawaifanyi. Wastani wa kawaida wa 20 uko nyuma ya bei kwa kama mishumaa tisa na nusu. Kwenye chati ya dakika 15 hiyo ni zaidi ya saa mbili. Ukisubiri wastani wa 20 ukate wa 50, unasubiri habari ya mchana uisome jioni. Kuongeza indiketa ya tatu ya kuthibitisha hakupunguzi kuchelewa, kunaongeza.

Fundi Chati (mleta uzi)

Mhasibu, nakushukuru kwa dhati, na naomba wote wasome alichoandika mara mbili. Mimi sijatangaza faida kwenye uzi huu na sitatangaza. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba sasa nikipoteza najua nimepotezea wapi. Kabla ya hapo nilikuwa nabadilisha namba, RSI kutoka 14 kwenda 9, kutoka 9 kwenda 21, wiki nzima, na sijifunzi kitu.

Kijana Tandika

Mkuu vipi kuhusu volyumu? Ile ya chini ya rangi ya kijani. Nimeambiwa hiyo haidanganyi.

Mhasibu Ilala

Kwenye fedha za kigeni hakuna soko moja kuu linalokusanya biashara zote. Ile unayoiona kwenye MetaTrader, programu tunayofanyia biashara, ni idadi ya mara bei ilivyobadilika kwa broka (dalali) wako, si kiasi cha pesa kilichopita sokoni duniani. Inaweza kukuonyesha saa zenye pilikapilika, mfano London inapofungua, ambayo kwetu ni saa tano asubuhi, au saa nne wao wakiwa kwenye saa za kiangazi. Saa hizo ukizijua, huhitaji chumba kizima cha skrini kukukumbusha.

Kwenye hisa ni jambo jingine. Soko letu la Hisa la Dar es Salaam, DSE, linarekodi hisa ngapi zimeuzwa kweli, na hapo kiasi kina maana kubwa kuliko indiketa yoyote. Zipo kampuni ambazo siku zinapita bila hisa kubadilisha mikono. Bei imelala, kila kinachohesabiwa kutokana na bei ya kufungia nacho kimelala. Kumwekea hisa ya namna hiyo MACD ni kujichosha.

Dalali wa Mwenge

Mimi niko upande wa kutoa zote. Mishumaa mitupu. Nimefanya hivyo miaka mitatu, siweki hata wastani mmoja.

Mzee wa Upanga

Kijana wangu, hongera kama inakufaa. Ila nimeona wengi wakitoa indiketa zote halafu wanajaza chati kwa mistari ya kuchora. Mistari ya mteremko kumi na mbili, maboksi ya rangi, mishale. Msongamano umebadilika jina. Ukichora mistari ya kutosha, popote bei itakapogeuka patakuwa na mstari.

Dalali wa Mwenge

Mzee umenigusa hapo. Nimefungua chati yangu ya EURUSD (euro kwa dola) sasa hivi nimehesabu, nina mistari ya kulala 17. Mingine ni ya Februari.

Fundi Chati (mleta uzi)

Hili la Mzee sikuwa nimeliandika na ni zito. Mimi kila Jumapili usiku nafuta yote nachora upya. Mstari ambao siwezi kuukumbuka bila kuangalia, haukuwa na umuhimu. Huwa inabaki minne au mitano.

Kwa wenye kompyuta, hatua fupi kwa MT4 (MetaTrader 4). Bonyeza Ctrl na I, utaona orodha ya kila indiketa iliyomo kwenye chati hiyo, futa moja moja. Ctrl na G inaondoa ile gridi ya nukta nyuma, watu wengi wanaishi nayo miaka bila kujua inatoka. Ukimaliza, bofya kulia kwenye chati, hifadhi kama templeti, uipe jina "default". Kila chati mpya utakayofungua itakuja safi hivyohivyo. Ile ya zamani yenye vitu vyote nayo ihifadhi kwa jina jingine kabla hujaanza. Ukijua unaweza kuirudisha, mkono unakuwa mwepesi kufuta.

Na jambo la mwisho, linanikera kwa kweli. Kuna watu wanauza indiketa kwenye magrupu, mishale ya bluu na nyekundu, shilingi elfu hamsini, laki moja. Kabla hujalipa, omba kuiona ikifanya kazi siku nzima kwenye soko linalotembea, upige picha kila mshale unapotokea. Kesho yake linganisha. Nyingine zinafuta mishale iliyokosea na kuchora mipya palipokuwa sahihi, kwa hiyo ukitazama nyuma unaona hazikosei kamwe. Kijana wa Sinza alikuwa amelipa kwa M-Pesa, na mshale aliouza nao saa nne asubuhi haukuwepo kwenye chati saa nane mchana. Alidhani ameota.

Mama Tegeta

Nimefanya, kaka. Nimetoa MACD, stokastiki na mistari mitatu. RSI bado nimeiacha, nitaitoa wiki ijayo, leo sikuweza. Nimeona kitu ambacho sikuwahi kukiona: mshumaa wa Jumatano una mkia mrefu sana chini, na jana bei imerudi palepale ikageuka tena. Siku zote ulikuwa umefichwa na mikanda. Sijaingia, nimechora tu mstari hapo. Nikikutumia picha utaniangalizia kama nimeuweka sawa, kwenye ncha ya mkia au kwenye mwili?

Fundi Chati (mleta uzi)

Tuma dada, weka hapahapa kwenye uzi wengine nao waone. Chora eneo, kuanzia ncha ya mkia mpaka mwili unapoanzia, usibanwe na mstari mmoja. Usisahau kuandika ATR yako pembeni. Niko kwenye daladala sasa, nikifika Goba naifungua.